Nukta na Mkato: Historia ya Alama ya Desimali na Vikokotoo vya Kompyuta katika Nchi za Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu alama ndogo kuliko zote katika maandishi ya hesabu, yaani ile inayotenga namba kamili na sehemu zake za kumi, za mia na za elfu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama vile Ubelgiji na Ufaransa, alama hiyo ni mkato: 2,75. Katika Tanzania, Kenya na Uganda ni nukta: 2.75. Tofauti hiyo ingekuwa jambo dogo la mazoea kama kila alama ingekuwa na kazi moja tu. Lakini mkato wa Mtanzania hutumika pia kutenga maelfu, na nukta ya Mkongomani aghalabu hufanya kazi iyo hiyo. Hivyo namba 1.500 iliyoandikwa Kalemie yaweza kusomwa elfu moja na mia tano, na ikivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma itasomwa moja na nusu. Maandishi ni yale yale na lugha ni ile ile, bali kiasi kimepungua mara elfu.

Tangu kompyuta zilipoingia ofisini na madarasani, tofauti hii imepata msomaji wa tatu, yaani programu, ambayo haijui Kalemie wala Kigoma isipokuwa imeelezwa. Tutaeleza kwanza asili ya alama zenyewe, kisha namna zilivyofika katika nchi zetu, kisha jinsi watungaji wa programu za kukokotoa walivyojaribu kuzipatanisha. Mwishoni tutatazama hali ya Kiswahili, ambacho ni lugha moja yenye desturi mbili za kuandika namba.

2. Asili ya alama

Tarakimu zenye thamani kwa mujibu wa nafasi zake zilizaliwa Uhindi, zikapokewa na wanazuoni walioandika kwa Kiarabu. Mmoja wao, al-Uqlidisi, aliandika huko Dameski, mnamo mwaka 952 au 953, kitabu cha hesabu ya Kihindi ambamo sehemu za kumi zinatumika, na tarakimu ya mwisho ya namba kamili imetiwa alama ili msomaji ajue mahali sehemu zinapoanza. Baadaye al-Kashi wa Samarkand, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1427, alizieleza sehemu hizo kwa ukamilifu zaidi.

Katika Ulaya habari hizi zilienea polepole. Giovanni Bianchini, mfanyabiashara wa Venice aliyegeuka kuwa mwanafalaki, alitumia nukta ya desimali katika majedwali yake ya miaka ya 1440. Jambo hili limefahamika kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2024. Hata hivyo, mtu aliyezieneza desimali miongoni mwa watu wa kazi alikuwa Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, mji ulio leo katika Ubelgiji. Mwaka 1585 alichapisha huko Leiden kijitabu kiitwacho De Thiende, yaani sehemu ya kumi, akakielekeza kwa wanafalaki, wapima ardhi, wapima vitambaa na mvinyo, wasimamizi wa sarafu na wafanyabiashara. Hoja yake ilikuwa kwamba hesabu zote za biashara zaweza kufanywa kwa namba kamili, bila akisami, iwapo kila kipimo kitagawanywa kwa kumi.

Inafaa kukumbuka kwamba Stevin hakutumia nukta wala mkato. Kila tarakimu ya sehemu aliifuatisha na namba ndogo iliyozungushiwa duara: sifuri kwa namba kamili, moja kwa sehemu za kumi, mbili kwa sehemu za mia, na kuendelea. Mtindo huo ulikuwa wazi lakini mzito kuandika. Waliomfuata walitafuta njia fupi. Christopher Clavius alitumia nukta katika jedwali lake la mwaka 1593. John Napier wa Scotland, katika kitabu chake cha mwaka 1617, alisema kwamba nukta au mkato waweza kutumika, naye mwenyewe akatumia mkato katika mfano wake. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1619, baada ya kifo chake, ilitumika nukta. Kwa hiyo mtu yule yule anayehesabiwa na wengi kuwa baba wa nukta ya desimali hakuona sababu ya kuukataa mkato.

3. Mgawanyiko wa Ulaya na njia yake hadi kwetu

Ikiwa mwanzoni alama zote mbili zilikuwa halali, mgawanyiko ulitoka wapi? Sababu mojawapo ni alama ya kuzidisha. Mwaka 1698 Leibniz alimwandikia Johann Bernoulli kwamba hakupenda alama ya × kwa kuwa ilifanana mno na herufi x, naye akapendelea nukta. Katika bara la Ulaya nukta ikawa na kazi ya kuzidisha, na mkato ukabaki huru kwa desimali. Waingereza waliishika alama ya ×, kwa hiyo nukta yao haikuwa na mshindani. Kwa muda mrefu waliichapa juu kidogo ya mstari, katikati ya kimo cha tarakimu.

Desturi hizi zilifika Afrika pamoja na sarafu, vitabu vya kodi na shule. Katika Kongo, tangu enzi ya Dola Huru hadi mwisho wa utawala wa Wabelgiji mwaka 1960, faranga iligawanywa kwa santimu 100 na hesabu ziliandikwa kwa mkato. Upande wa mashariki historia ina pindo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani rupia iligawanywa kwa pesa 64 hadi mwaka 1904, ndipo ikagawanywa kwa heller 100. Wajerumani pia ni watu wa mkato. Basi serikali ya kwanza ya kikoloni iliyoleta sarafu ya desimali huko Dar es Salaam ilitoka katika nchi ya desturi ile ile tuliyo nayo sisi Lubumbashi na Bukavu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilikabidhiwa kwa Waingereza, na Rwanda na Burundi zikakabidhiwa kwa Wabelgiji. Mwaka 1921 ilianzishwa shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, nusu karne kabla Uingereza yenyewe haijagawanya pauni yake kwa mia, jambo lililofanyika tarehe 15 Februari 1971. Pamoja na utawala wa Kiingereza ikaja nukta.

Kwa hiyo mpaka wa nukta na mkato haukuchorwa na lugha. Wasemaji wa Kiswahili walijikuta pande zote mbili kwa sababu za utawala, kama walivyojikuta pande zote mbili za Kiingereza na Kifaransa.

Wataalamu wa vipimo waliona hatari mapema. Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa tisa wa Vipimo na Mizani uliazimia mambo mawili. Kwanza, mkato wa Kifaransa na nukta ya Kiingereza vyote viwili vikubaliwe, lakini kwa kazi ya desimali tu. Pili, namba ndefu zaweza kugawanywa katika mafungu ya tarakimu tatu tatu ili zisomeke vyema, lakini katikati ya mafungu pasiwekwe nukta wala mkato. Mwaka 2003 Mkutano wa ishirini na mbili ulirudia msimamo huo. Azimio hili lilikuwa la busara: halikumlazimisha mtu kuacha alama yake, bali liliondoa kazi ya pili ambayo ndiyo inayoleta mkanganyiko. Anayeandika 1 500,75 na anayeandika 1 500.75 wanaelewana bila mkalimani.

4. Kutoka mashine hadi programu

Mashine za kwanza za kukokotoa hazikuingia katika mzozo huu. Ile ya Pascal ya mwaka 1642 na ile ya Thomas wa Colmar iliyopewa hataza mwaka 1820 zilizungusha magurudumu ya tarakimu. Katika mashine za ofisini zilizofuata, mahali pa desimali palionyeshwa na kidude kidogo kilichosogezwa kwa kidole. Mashine ilijua tarakimu. Alama ilikuwa juu ya binadamu.

Hali ilibadilika pale ambapo namba ilianza kuandikwa kama maandishi ili isomwe na mashine. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, ilizaliwa Marekani na ikatumia nukta. Mwaka uliofuata wataalamu wa Ulaya na Marekani walikutana Zürich ili kutunga lugha moja ya kimataifa ya kuandikia programu, ile iliyokuja kuitwa ALGOL. Alan Perlis, aliyehudhuria, alisimulia baadaye kwamba mkutano ulikwama kabisa, na mjumbe mmoja akapiga meza akiapa kwamba hatatumia kamwe nukta kwa desimali. Usiku huo Joseph Wegstein alizitembelea kambi zote mbili na kupendekeza lugha iwe na ngazi tatu: ngazi ya rejea iliyo moja kwa wote, ngazi ya kuchapisha vitabuni, na ngazi ya mashine ya kila mahali. Asubuhi yake pendekezo lilikubaliwa.

Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna kanuni ambayo wote waliofuata wameitegemea: thamani ya namba ni jambo moja, na sura yake mbele ya msomaji ni jambo jingine. Lugha ya COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya hesabu za biashara, ilipata sentensi maalumu ya kuiambia programu kwamba mkato ndio desimali, na papo hapo kazi za nukta na mkato zikabadilishana. Kikokotoo cha mkononi cha HP-12C cha mwaka 1981, kilichopendwa sana na watu wa benki, kilitatua jambo kwa vidole viwili: mtumiaji alizima mashine, akashikilia kitufe cha nukta huku akiiwasha, na alama zikabadilishana mahali. Mwaka 1989 kanuni rasmi ya lugha ya C iliweka utaratibu ambao kwao programu huuliza mfumo wa kompyuta desturi za mahali ilipo, ikiwamo alama ya desimali. Windows nayo, iliyokuja na kikokotoo chake tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, ilitunza katika mipangilio yake alama ya desimali, alama ya maelfu na alama ya kutenga vitu katika orodha, kila moja peke yake.

5. Namna kikokotoo kinavyosoma namba

Yafaa tueleze kwa urefu kidogo kazi ya kikokotoo cha kompyuta, kwa maana hapo ndipo makosa huzaliwa bila kelele. Mtu anapobonyeza 2,75 programu hupokea alama nne za maandishi. Ni lazima izigeuze kuwa thamani, ifanye hesabu, kisha igeuze jibu kuwa maandishi tena. Mageuzi ni mawili, na kila moja lahitaji kujua desturi.

Tuchukue mageuzi ya kwanza. Chombo cha kawaida cha lugha ya C husoma tarakimu mpaka kikutane na alama kisichoitambua, kisha husimama. Kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Kifaransa ikipewa 2.75 husoma 2 na kusimama. Iliyowekwa kwa desturi ya kawaida ya C ikipewa 2,75 hufanya vivyo hivyo. Isipokuwa mtunzi wa programu amekumbuka kuangalia kama maandishi yote yamesomwa, robo tatu zimepotea na hakuna onyo lililotolewa. Programu nyingine, inayochukua mkato kuwa alama ya maelfu tu, huondoa mikato yote kabla ya kusoma. Kwake 2,5 inageuka 25. Muuguzi anayekokotoa kipimo cha dawa kwa programu ya namna hiyo atapata jibu mara kumi ya lile alilotaka, nalo litaonekana safi kama jibu lingine lolote.

Katika majedwali ya kompyuta hali ni tofauti kidogo. Namba 2.75 ikiingizwa katika jedwali lililowekwa kwa Kifaransa huhesabiwa kuwa maandishi tu, na jumla ya safu huiruka. Katika mipangilio ya Kijerumani 1.5 yaweza kugeuka kuwa tarehe ya kwanza ya mwezi Mei. Ugumu mwingine hutokana na alama inayotenga vitu. Mtu akiandika f(2,5), je, ametoa namba moja au mbili? Ndiyo sababu majedwali ya nchi za mkato hutumia nukta-mkato kutenga vitu ndani ya mabano, na majalada yanayoitwa ya mikato hutengwa kwa nukta-mkato. Mwanafunzi anayenakili fomula kutoka kitabu cha Kiingereza bila kujua hilo hupata kosa asilolielewa.

Hata kibodi ina sehemu yake. Kitufe cha desimali kilicho pembeni mwa tarakimu kwa kawaida kimechapwa nukta. Windows ina mipangilio ya kibodi ya Ubelgiji, mmojawapo wa mkato na mwingine wa nukta, kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Watungaji wa vikokotoo wamejaribu njia nne. Ya kwanza ni kufuata mipangilio ya kompyuta, jambo linalofaa ikiwa mipangilio hiyo inamwakilisha kweli mtumiaji. Ya pili ni kumwachia mtumiaji achague: kikokotoo cha SpeedCrunch, kwa mfano, humruhusu achague nukta, mkato, au vyote viwili. Ya tatu ni kukubali alama zote mbili kuwa desimali na kukataa alama ya maelfu wakati wa kuingiza. Ya nne ni kukisia: namba ikiwa na alama za aina mbili, ya mwisho ndiyo desimali, kama katika 1.500,75. Makisio haya ni mazuri hadi yafikapo kwenye 1,500 au 1.500, yenye alama moja na tarakimu tatu baada yake. Hapo hakuna akili, ya mtu wala ya mashine, inayoweza kuamua kwa kutazama namba peke yake.

6. Kiswahili: lugha moja, desturi mbili

Watu wa kompyuta walipoanza kukusanya desturi za dunia, wengi walidhani kwamba ukijua lugha ya mtu umejua namna anavyoandika namba. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazobatilisha dhana hiyo. Katika hazina ya data za desturi inayotunzwa na shirika la Unicode tangu mwaka 2004, Kiswahili cha kawaida kimeandikiwa nukta kwa desimali na mkato kwa maelfu. Kiswahili cha Kongo kimeandikiwa kinyume chake, mkato kwa desimali na nukta kwa maelfu. Programu nyingi huchota desturi zao humo. Kwa hiyo mtumiaji wa Lubumbashi anayechagua Kiswahili bila kutaja nchi hupewa, pamoja na maneno anayoyafahamu, namba za Dar es Salaam. Akichagua Kifaransa cha Kongo hupewa namba zake lakini hunyang'anywa lugha yake. Na hata hapo si sawa kabisa, kwa kuwa Kifaransa hutenga maelfu kwa nafasi tupu, na si kwa nukta.

Msamiati nao umegawanyika. Mashariki, namba 3.14 husomwa tatu nukta moja nne, na neno nukta, lenye asili ya Kiarabu, limekuwa jina la desimali yenyewe. Kwetu neno hilo haliwezi kusomwa mbele ya 3,14 bila kupingana na jicho. Mwalimu husema mkato, au hutumia neno la Kifaransa. Ndiyo sababu tunapendekeza neno kitenganishi cha desimali katika maandishi ya kitaaluma, kwa maana linataja kazi ya alama bila kutaja umbo lake. Vivyo hivyo kitenganishi cha maelfu.

Jambo hili si la wataalamu wachache tu. Wakongomani wa rika fulani wanakumbuka jinsi sarafu ilivyobadilishwa: mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire 3 000 000 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua mahali pa zaire mpya 100 000. Nchi iliyoandika bei zenye mafungu matatu ya tarakimu inajua kwamba alama ya maelfu si pambo. Mwaka 2022 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Burundi nayo ni ya mkato, na Kenya, Tanzania na Uganda ni za nukta. Shehena za shaba za Katanga hupita bandari ya Dar es Salaam, na hati zake zina uzito kwa tani na sehemu za tani. Lugha ya pamoja itarahisisha mazungumzo. Lakini tarakimu hupita kimya chini ya lugha, na mtu haulizi maana ya neno analodhani amelielewa.

7. Hitimisho

Historia tuliyoifuata inaonyesha kwamba hakuna alama iliyo sahihi kwa asili yake. Napier alizikubali zote mbili, na Dar es Salaam imewahi kutawaliwa kwa moja na kisha kwa nyingine. Kwa sababu hiyo hatuoni faida ya kuwataka Wakongomani waache mkato au majirani wao waache nukta. Twaona heri kushika azimio la mwaka 1948, na kutokana nalo twatoa mapendekezo manne kwa walimu na wanafunzi.

Kwanza, katika maandishi ya Kiswahili ya chuo, maelfu yatengwe kwa nafasi tupu daima. Pili, sifuri isiachwe mbele ya desimali: iandikwe 0,5, na si ,5, ili alama isipotee machoni. Tatu, kila jedwali litakalosomwa nje ya nchi litaje juu yake kitenganishi cha desimali kilichotumika. Nne, wanafunzi wetu wanaotunga programu watenge lugha na nchi katika mipangilio, watunze thamani ndani kwa sura moja, na kikokotoo kimwonyeshe mtumiaji namba kilivyoisoma kabla ya kumpa jibu. Pendekezo hili la mwisho ndilo rahisi na ndilo linaloacha kufanywa mara nyingi. Muuguzi akiona 25 mahali alipoandika 2,5 atasimama mwenyewe, wala hatahitaji kujua lolote kuhusu Zürich wala Leiden.

Kwa wachunguzi wa lugha kazi imebaki: kukusanya namna namba zenye desimali zinavyosomwa kwa sauti sokoni, shuleni na zahanati katika miji yetu, kutoka Kisangani hadi Lubumbashi. Kamusi haziwezi kulijaza pengo hilo mpaka tuwasikilize wasemaji, na watunzaji wa hazina za kompyuta hawawezi kuandika desturi yetu ipasavyo ikiwa sisi wenyewe hatujaieleza.